Pumzi na Penseli

Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza Adrian Hill aliugua kifua kikuu. Alipokuwa hospitalini alijiliwaza kwa kuchora, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 yeye ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la tiba ya sanaa.

Siku hizi baadhi ya watabibu wa tiba hiyo huanza na pumzi. Pumzi ikitolewa polepole, mapigo ya moyo hupungua, na mkono uliokuwa ukitetemeka hutulia.

Basi jioni urudipo kutoka kazini na uchovu wako, kabla hujamkaripia mtoto, keti naye penye karatasi. Vuteni pumzi mkihesabu hadi nne, penseli ikipanda. Itoeni mkihesabu hadi sita, ikishuka. Dakika tano zatosha. Atakayeona kizunguzungu na aache mara moja.

Usimsahihishe mchoro wake. Mwulize tu aona nini katika mistari ile. Huenda akakueleza lililomkaa moyoni siku nyingi. Na likiwa zito kupita uwezo wako, usione haya kumpeleka hospitali. Hasira, wahenga walisema, ni hasara.