Kompyuta ya Laki Saba na Ahadi ya Hija



Ndugu msomaji, wiki hii ukumbi wetu umepokea barua ya dada yetu mmoja wa hapa Mombasa, nami kwa idhini yake naieleza kwa ufupi pasi na kutaja jina. Mumewe amestaafu baada ya miaka mingi ya kazi ya ukarani, na kiinua mgongo chake kimekwisha kuingia benki. Mzee huyu ni mzaliwa wa Lamu, na tangu utotoni moyo wake uko kwenye vyombo vya bahari. Miaka miwili iliyopita mjukuu wake alimfundisha kuchora kwa kompyuta. Tangu siku hiyo, kila baada ya Isha, huketi akiunda mtepe ndani ya skrini: chombo kile cha wazee wetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari, kikaendeshwa kwa tanga la mkeka, kisha kikatoweka mwambaoni mwetu.

Sasa mzee anataka kompyuta yake mwenyewe, wala si ya kawaida. Muuzaji amemwandikia bei ya shilingi laki saba. Dada yetu anauliza mambo mawili. Je, huu si ufujaji? Na je, ile ahadi waliyowekeana tangu ujanani, kwamba kiinua mgongo kikitoka watakwenda Hija pamoja, imepotelea wapi?

Kabla ya kujibu niliomba kuiona karatasi ya muuzaji, maana haifai kukihukumu kitu usichokijua. Sehemu kubwa ya bei ile imebebwa na kadi moja ya michoro, RTX 5090. Kadi hiyo ilitoka Januari 2025, na kampuni iliitangaza kwa dola 1,999. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola hizo ni kama shilingi 258,000, kabla ya usafirishaji na kabla ya ile VAT ya asilimia 16. Peke yake kadi hiyo yaweza kula wati 575 za umeme. Ukijumlisha sehemu nyingine, mashine nzima ikiwa kazini yaweza kufika wati 800. Ikifanya kazi hivyo saa 5 kila siku, kwa mwezi ni yuniti 120. Tukichukulia shilingi 30 kwa yuniti, mzee atanunua tokeni za shilingi 3,600 kila mwezi kwa ajili ya kompyuta tu. Na umeme wote huo mwisho wake hugeuka joto, katika chumba cha Mombasa, wakati wa kaskazi. Feni haitatosha, na tutaanza kuzungumza habari za kiyoyozi.

Haki ni kusema pia kile ambacho mzee atakipata. Mtu akichora chombo kwa kompyuta, kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuunda, yaani kupanga mbao, kamba na tanga. Hapo akili na mkono wa mchoraji ndio hufanya kazi, na kompyuta ya wastani hutosha mpaka mchoro uwe mzito sana. Ya pili ni kuchakata, yaani kuiachia mashine ipige hesabu ya mwanga na kivuli ili mchoro uwe picha kamili. Filamu huhitaji picha 24 kwa kila sekunde. Basi mtepe ukitaka kuonekana ukiingia bandarini kwa nusu dakika, zinatakiwa picha 720. Tuseme mashine ya kawaida huchukua dakika 2 kwa picha moja: jumla ni saa 24. Mashine iliyo na kasi mara nne itamaliza kwa saa 6.

Sasa tuulize kwa utulivu: mzee ananunua nini kwa laki saba? Ananunua saa 18 za kungoja, na nyingi katika hizo atakuwa amelala. Mwenye kampuni ya matangazo, aliyeahidi kazi kwa mteja kesho asubuhi, saa hizo kwake ni riziki. Mstaafu asiyedaiwa kazi na mtu hapungukiwi na kitu mashine ikifanya kazi usiku, naye akaamka alfajiri kuitazama baada ya kuswali.

Wazee wetu walisema, mchagua jembe si mkulima. Filamu ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, ilichorwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote huipata bila ya kulipa. Mwaka 2025 filamu hiyo ilitunukiwa Oscar ya filamu bora ya katuni, mbele ya kazi za makampuni makubwa. Sisemi kwamba waliitengeneza kwa mikono mitupu. Nasema kwamba uzuri wa kazi hautoki kwenye ukubwa wa mashine. Tena kompyuta si shamba la minazi ambalo hukaa na thamani yake. Kadi iliyokuwa ya juu kabisa Oktoba 2022 ilikwisha kupitwa Januari 2025. Anayenunua kilele leo ajue kwamba amekikodi tu.

Tuje kwenye dini. Dada yangu, kumiliki kompyuta yenye nguvu si haramu, na kujiburudisha kwa jambo safi si dhambi. Asili ya mambo haya ni uhalali. Mali ile ni ya mumeo, ameichuma kwa jasho lake, na sheria haikumtaka aombe ruhusa kwa kila shilingi. Lakini mali bila daftari huisha bila habari, na katika Sura ya Al-Furqaan, aya ya 67, waja wema wanasifiwa kwa kushika njia iliyo kati ya ufujaji na ubahili. Njia hiyo ya kati haina bei moja kwa watu wote. Laki saba kwa tajiri yaweza kuwa wastani, na laki moja kwa mwenye deni yaweza kuwa ufujaji. Kipimo ni haki zinazotangulia: nafaka ya nyumba, madeni, zaka, kisha faraja.

Juu ya zaka, wengi huteleza hapa. Kompyuta ya matumizi ya mtu mwenyewe haitolewi zaka. Lakini fedha zilizowekwa benki zikingoja kuinunua, zikifika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Kiislamu, hutolewa asilimia 2.5. Na iwapo muuzaji atampendekezea mzee alipe nusu sasa na nusu kwa mkopo wa riba, basi mjadala umekwisha. Starehe haiwi dharura.

Imebaki Hija, nalo ndilo jambo lenyewe. Hija ni faradhi mara moja kwa mwenye uwezo, na mtu huweza kuishi miaka sitini bila ya uwezo huo, kisha siku moja kiinua mgongo kikaingia na faradhi ikamwangukia bila ya yeye kutambua. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanaruhusu kuichelewesha kwa mwenye azma ya kuitekeleza. Lakini ruhusa ya kuchelewesha si ruhusa ya kuzila fedha za safari, na mwenye umri wa kustaafu hana dhamana ya magoti yake wala ya pumzi yake. Mtepe wa kwenye skrini utamngojea mpaka arudi. Afya yake haikuahidi kungoja. Juu ya hayo kuna ahadi aliyompa mkewe, na ahadi ni deni.

Basi nasaha yangu kwa mzee ni hii. Toa kwanza fedha za Hija ya watu wawili, uziweke mahali pake na uanze utaratibu wa safari. Fedha za matibabu na matumizi ya mwaka ziwekwe upande. Kitakachobaki, jitengee fungu la burudani yako bila ya kuona haya. Kwa fungu hilo usinunue kilele. Hapa mjini zipo kompyuta za ofisini zilizotumika ng'ambo, imara, kwa bei ya chini sana kuliko mpya. Tia ndani yake kadi ya wastani. RTX 3060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12, kwa mfano, ilitangazwa mwaka 2021 kwa dola 329, na hutumia wati 170 tu. Ongeza kifaa cha kuilinda na umeme unaokatika, na uiepushe na dirisha linalopitisha chumvi ya bahari. Kisha umalize mtepe mmoja, kamili, kuanzia mkuku hadi tanga. Ukishaumaliza, ukaona kwa hakika kwamba mashine ndiyo iliyokuzuia, hapo rudi dukani ukijua unachokitaka.

Na kwako, dada yangu, nina neno moja. Katika barua yako umeiita kazi ya mumeo "michezo ya kitoto". Fikiri tena. Wanaume wangapi mtaani hustaafu, wakakosa la kufanya, wakawa watu wa kukaa barazani na kuhesabu maradhi yao? Mumeo amepata shughuli inayomweka nyumbani, inayomkutanisha na mjukuu wake, na inayohifadhi chombo ambacho watoto wetu hawatakiona baharini. Jumba la Makumbusho la Lamu limehifadhi kielelezo cha mtepe. Jioni moja muulize mumeo akuoneshe ule wake, na umwache akueleze jinsi mbao zinavyoshonwa. Huenda ukagundua kwamba hakutaka mashine ya laki saba. Alitaka nyumba nzima ikubali kwamba anachokifanya ni kazi.

Baada ya hapo mzungumze habari za Hija. Naamini mazungumzo yatakuwa mepesi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.