Njugu Zipewe Nafasi Katika Mchuzi wa Shule

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kulala bweni anaujua mchuzi wa kabeji: maji mengi, vipande vichache, na mafuta yanayoelea juu kana kwamba yamepotea njia. Mpishi akitaka kuufanya mzito hukoroga unga wa ngano akautia sufuriani. Mchuzi hukaza, naam, lakini mlaji haongezewi ila wanga, na wanga umekwisha kujaa sahani nzima kwa jina la ugali.

Iko njia nyingine, wala si ngeni kwetu. Katika sehemu nyingi za Magharibi na Nyanza njugu karanga hukaangwa, zikapepetwa ngozi zake, zikatwangwa kinuni au kusagwa juu ya jiwe hadi zitoe mafuta, kisha zikaungiwa mboga za majani, samaki mkavu au nyama. Majirani zetu wa Uganda huula mchuzi wa njugu kwa matoke. Huko Senegali na Mali mchuzi wa namna hiyo huitwa mafe, na Wahindi hukaza michuzi yao kwa korosho na lozi. Sisi tunaovuna korosho Kwale na Kilifi, wengi wetu twazijua kama kitafunio tu!

Hapa mwalimu wa sayansi ana la kufunza. Punje za wanga hunyonya maji ya moto zikavimba, na ndiyo sababu mchuzi wa unga hukaza. Njugu kazi yake ni tofauti: chembe zake ndogo ndogo hutapakaa katika maji na kuyashika mafuta yasijitenge upesi. Kwa hiyo mchuzi huu wataka subira. Rojo huyeyushwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu, hutiwa kidogo kidogo juu ya moto mdogo, na mwiko haupumziki. Moto ukizidi, mchuzi hushika chini. Mafuta hupanda juu mwishowe, na wapishi wengine huyangoja wakiyahesabu kuwa ishara ya kuiva. Faida ya jasho hilo ni kwamba yapata robo ya uzito wa njugu ni protini, na karibu nusu ni mafuta. Mpishi hana haja ya kumimina mafuta mengine.

Lakini kuna hatari ambayo haifai kufichwa. Njugu zisizokaushwa vyema huota kuvu iletayo sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, kwa kulishwa chakula kilichochanganywa na njugu zilizoharibika. Hapa kwetu, mwaka 2004, mahindi yenye sumu iyo hiyo yaliua watu 125, wengi wao wa Ukambani. Kuchemsha hakuiondoi. Shule isinunue basi njugu zilizokwisha kusagwa ambazo asili yake haijulikani. Inunue punje nzima zilizo kavu, izichambue kwa macho na mikono, na zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Wasipewe hata kuku. Vilevile mpishi aarifiwe mapema ni mwanafunzi yupi anayedhuriwa na njugu, apikiwe chungu chake mbali.

Wahasibu wa shule watasema njugu ni ghali kuliko unga wa ngano. Ni kweli, kilo kwa kilo. Hata hivyo, mmea wa njugu ni wa jamii ya kunde, huurutubisha udongo, na hustawi katika ardhi ya kichanga kama ile ya sehemu za Busia. Shule zenye shamba huko zaweza kupanda zao, wanafunzi wakazikausha na kuzichambua wenyewe katika somo la kilimo. Zisizo na shamba zianze kwa siku moja ya juma, Jumatano tuseme, na mwisho wa muhula mhasibu alinganishe gharama za jikoni na za muhula uliotangulia.