Siku 30 Baada ya Hukumu

Watu wengi wa Arua na Koboko wanaposhindwa mahakamani hurudi nyumbani wakiamini mambo mawili. La kwanza, kwamba shauri limekwisha. La pili, kwamba rufaa ni jambo la matajiri wenye mawakili. Yote mawili si kweli, lakini imani hizo zimewapotezea watu mashamba, nyumba, na wakati mwingine uhuru wao. Sheria za Uganda zinampa aliyeshindwa nafasi ya kusikilizwa tena na mahakama iliyo juu zaidi. Ila nafasi hiyo ina siku zake, nazo hazimngoji mtu amalize kuhuzunika.

Uchukuliwe mfano wa mjane anayeishi karibu na mji wa Koboko. Mumewe alimwachia nyumba na shamba la muhogo. Baada ya matanga, ndugu wa marehemu anadai kwamba shamba ni la ukoo, na shauri linafika mbele ya Hakimu wa Daraja la Kwanza. Hukumu inampa ndugu huyo ushindi. Nje ya mahakama anamwambia mjane kwa upole, "Shemeji, shauri limekwisha. Tusigombane tena. Chukua vyombo vyako kwa amani." Mjane anarudi nyumbani. Analia, anavuna muhogo, anahudhuria msiba wa jirani, kisha anaanza kutafuta fedha za wakili. Anapofika Arua kuuliza habari za rufaa, wiki 6 zimekwisha kupita.

Mjane huyu hakukosa haki ya kukata rufaa. Alikosa mtu wa kumwambia kuwa haki hiyo ina tarehe.

Je, aliyeshindwa ana siku ngapi?

Katika mashauri ya madai, kama vile ardhi, deni au mirathi, rufaa hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya amri ya mahakama. Katika mashauri ya jinai muda ni mfupi zaidi: taarifa ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 14 tangu siku ya hukumu. Aliye gerezani hahitaji kumtuma mtu barabarani. Humkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake, na ni wajibu wa mkuu huyo kuzifikisha kwa msajili wa mahakama.

Sheria imeweka nafuu moja ambayo haifahamiki sana. Katika kuhesabu zile siku 30, muda ambao mahakama yenyewe iliutumia kuandaa nakala ya amri na ya mwenendo wa shauri hauhesabiwi. Lakini nafuu hiyo humfaa yule aliyeziomba nakala hizo mapema na anayeweza kuonyesha kwamba aliziomba. Kwa hiyo barua ya kuomba nakala ndiyo hatua ya kwanza, nayo yafaa iandikwe siku ileile ya hukumu au kesho yake. Iandikwe katika karatasi mbili, moja ibaki mahakamani na nyingine irudi nyumbani ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo kwa rufaa pia.

Aliyechelewa asikate tamaa moja kwa moja. Mahakama ya rufaa inaweza kumkubalia nje ya muda iwapo ataonyesha sababu nzuri. Ugonjwa wenye cheti cha hospitali unaweza kuwa sababu. Kusema tu kwamba "sikujua" ni ngao dhaifu.

Je, rufaa huenda wapi?

Uamuzi wa Hakimu wa Daraja la Pili hupelekwa kwa Hakimu Mkuu. Uamuzi wa Hakimu wa Daraja la Kwanza au wa Hakimu Mkuu hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Koboko na Arua ina kituo chake mjini Arua. Safari ya kutoka Koboko ni ya zaidi ya kilomita 50, lakini si ya kwenda Kampala kama wengi wanavyodhani.

Mashauri yaliyoamuliwa na mahakama za mabaraza ya mitaa, zile ambazo wananchi huziita LC, nayo yana ngazi zake. Hutoka kijiji kwenda parishi, kutoka parishi kwenda kaunti ndogo, na kutoka hapo kwenda kwa Hakimu Mkuu. Aliyeshindwa mbele ya wazee wa parishi asidhani kwamba neno lao ndilo la mwisho, wala asiruke ngazi.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama Kuu aweza kuendelea hadi Mahakama ya Rufani, na hapo taarifa hutolewa ndani ya siku 14. Lakini kadiri mtu anavyopanda ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba. Rufaa ya pili husikiliza hoja za sheria, haisikilizi tena ubishi kuhusu nani alipanda mwembe mpakani.

Je, rufaa ni kuanza kesi upya?

Hapana. Kwa kawaida mahakama ya rufaa haiwaiti tena mashahidi. Majaji husoma yale yaliyoandikwa na hakimu, huupima upya ushahidi uliokuwapo, kisha huamua kama uamuzi ulikuwa sahihi. Ndiyo maana hati ya rufaa hutakiwa kuwa na sababu fupi zilizopangwa kwa namba, bila masimulizi wala matusi. "Hakimu alikosea kutouzingatia ushahidi wa jirani wa upande wa mashariki" ni sababu. "Hakimu alinichukia" si sababu. Mwenye tuhuma ya rushwa aweza kuipeleka kwenye Tume ya Utumishi wa Mahakama, lakini malalamiko hayo hayachukui nafasi ya rufaa, na siku huendelea kuhesabiwa wakati yeye akingoja majibu.

Aliyehukumiwa bila kuwapo kwa sababu hakupata hati ya wito ana njia nyingine. Huiomba mahakama ileile iufute uamuzi huo na kumsikiliza.

Kuna jambo moja la kuogopwa katika familia. Hukumu iliyotokana na makubaliano ya pande zote mbili haikatiwi rufaa. Mjane anayeitwa jioni kuweka dole gumba kwenye karatasi ya "mapatano ya ukoo" ambayo hajasomewa huenda akawa anaufunga mlango wake mwenyewe. Kwanza asomewe, tena na mtu asiye na hisa katika shamba hilo.

Je, kufungua rufaa kunazuia kufukuzwa?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Rufaa peke yake haisimamishi hukumu. Dalali wa mahakama aweza kufika na amri yake wakati rufaa ipo Arua ikingoja tarehe. Mrufani hana budi kuomba pia amri ya kusimamisha utekelezaji, aiombe bila kuchelewa, aeleze hasara kubwa atakayoipata, na awe tayari kutoa dhamana kama mahakama itamtaka. Kwa aliyefungwa, ombi linalolingana na hilo ni dhamana wakati wa kungoja rufaa.

Ni vema pia kujua hatari zake. Katika madai, anayeshindwa tena aweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake. Katika jinai, mahakama ya rufaa ina uwezo wa kupunguza adhabu, na pia wa kuiongeza.

Je, asiye na fedha apate wapi msaada?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa linaloweza kumletea adhabu ya kifo au kifungo cha maisha ana haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali. Kadhalika, mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama hupewa mkalimani bila malipo. Jambo hili ni kubwa kwa West Nile, ambako mtu wa Koboko huzungumza Kikakwa, wa Arua Kilugbara, na sokoni wakaelewana kwa Kiswahili, ilhali mahakama huandika kwa Kiingereza.

Kwa mashauri mengine, kanuni zilizotungwa mwaka 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kuwahudumia maskini bila malipo. Chama cha Wanasheria cha Uganda kina mradi wa msaada wa kisheria ulioanza mwaka 1992, na chama cha wanasheria wanawake, FIDA, kimekuwa kikiwatetea akina mama tangu mwaka 1974. Kanuni za madai pia zinamruhusu fukara kuomba kufungua shauri bila kulipa ada. Asiyejua aanzie wapi amwendee karani wa mahakama, au afisa wa maendeleo ya jamii wa wilaya, aulize ni nani anayetoa msaada wa bure katika eneo lake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Lakini ajihadhari na matapeli wanaozurura penye miti ya mahakama wakiahidi "kuongea na jaji." Wakili wa kweli ana cheti cha kila mwaka cha kufanya kazi na haoni aibu kukionyesha. Ada ya mahakama hulipwa benki na mlipaji hupewa stakabadhi. Fedha iliyotiwa mkononi mwa mtu haina shahidi.

Je, kuna aliyewahi kushindwa kisha akashinda?

Wapo, na mfano mmoja unaigusa kila nyumba. Mwaka 2007 shirika la MIFUMI la Tororo pamoja na wenzake walipeleka shauri kwenye Mahakama ya Katiba kupinga mila ya mahari. Mwaka 2010 walishindwa. Hawakunyamaza, walikata rufaa Mahakama ya Juu. Mnamo Agosti 2015 mahakama hiyo iliamua kwamba mahari yenyewe haivunji Katiba, bali kumdai mwanamke au wazazi wake warudishe mahari ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Hawakupata yote waliyoyaomba. Hata hivyo, kama wangeridhika na jibu la mwaka 2010, mwanamke wa Koboko aliyeachwa na mumewe angekuwa bado anadaiwa ng'ombe na mbuzi kwa nguvu ya sheria.

Mjane wa mfano sasa arudishwe siku ile ya hukumu, akiwa na maarifa haya. Kabla hajaondoka mahakamani anamwuliza karani, "Mwanangu, tarehe ya leo ni ngapi, na nakala ya hukumu huombwaje?" Binti yake aliye sekondari anaandika barua kwa Kiingereza, nayo inapigwa muhuri mchana uleule. Karatasi zote zinatiwa katika mfuko mmoja wa nailoni na kuwekwa mbali na mvua na panya. Katika wiki ya kwanza anamtafuta wakili wa msaada. Katika wiki ya tatu hati ya rufaa na ombi la kusimamisha utekelezaji viko Mahakama Kuu, Arua. Huenda akashinda, huenda akashindwa tena. Lakini shemeji anapokuja na maneno yake ya upole, mama huyo ana jibu la kweli la kumpa: "Shemeji, shauri halijakwisha. Limehamia Arua."