FUNDI WA JAMAA: Gari Inayokalia Mukia

Mwezi huu tuongee juu ya gari mzee, maana hapa Bihambwe gari mupya ni ya wageni tu. Unaiona kila siku kwenye barabara ya Rubaya: Hilux ya miaka mingi, taa zinaangalia juu mbinguni, mukia unakaribia kugusa udongo hata kama haijapakia kitu. Tunacheka, tunasema "ile inakalia mukia". Lakini wewe mama unayepanda juu ya mizigo na mtoto mgongoni, usicheke sana.

Inakuwa namna gani? Nyuma ya pikapu ile kuna resori mbili, moja kila upande. Kila resori ni vyuma vilivyopangwa pamoja, virefu juu na vifupi chini, vimepindwa kama upinde. Mafundi wetu huviita lame. Upinde ukilemewa siku nyingi unanyooka na hautaki kurudi. Na kwetu kuna sababu ya pekee. Ukipakia makala, karoseri inajaa mbele gari haijachoka, jicho lenyewe linakuambia basi. Koltani haijazi karoseri. Jiwe lake ni zito kuliko maji mara tano na zaidi, kwa hiyo mifuko iliyofunika sakafu tu yaweza kupita kile ambacho gari iliumbwa kubeba. Shofere anaona nafasi tupu, anaita watu: "Pandeni, kungali fasi!"

Kisha gari inapelekwa garaji, na jibu ni lile lile: "Ongeza lame, itasimama." Ni dawa ya haraka, hata mimi niliifanya. Nilitia mbili kila upande, mukia ukapanda, nikafurahi kama bwana arusi. Safari ya kwanza yenye mzigo, kushuka Mushaki kwenda Sake, nilikanyaga freni na gari haikushika kama nilivyozoea. Ya mbele ilikuwa inafanya kazi peke yake. Nilipofika chini magurudumu ya mbele yalikuwa yananuka moto, na mimi nilikuwa nimenyamaza kabisa, pamoja na watu kumi waliokuwa juu.

Sababu niliijua baadaye. Pikapu nyingi za namna hii zina vali ndogo ya freni karibu na ekseli ya nyuma. Imefungwa na kijiti cha chuma kinachosikia kama mukia uko chini ao juu. Mukia ukishuka, vali inadhani kuna mzigo, inapeleka nguvu nyingi kwa freni ya nyuma. Mukia ukipanda, inadhani gari ni tupu, inapunguza nguvu. Mimi niliinua mukia bila kugusa kijiti. Basi na mzigo mzima mgongoni, freni ya nyuma ilikuwa inasinzia. Na resori iliyolegea inadanganya vali kwa upande wa pili: gari ni tupu, vali inadhani imepakia, unakanyaga freni kwenye matope na nyuma inateleza kando.

Kwa hiyo usiongeze kitu mbele ya kupima. Tafuta uwanja ulio sawa (kwetu Masisi hiyo peke yake ni kazi ya nusu siku), shusha mzigo, tia mapine yote pumzi sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu mpaka ukingo wa karoseri, kuume na kushoto. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, lala chini uangalie: mara nyingi utakuta lame imevunjika, ao vipira vya macho ya resori vimeisha. Pande zote mbili zikiwa chini sawasawa, vyuma vyenyewe vimechoka. Usinunue amortisere kwa ugonjwa huu. Amortisere inatuliza mtikisiko, haibebi gari.

Resori iliyochoka ibadilishwe pande zote mbili, kwa nyingine yenye upana, urefu na hesabu ya lame sawa na ya kwanza. Kuna mafundi wanaoipinda tena kwa nyundo ikiwa baridi. Inasaidia kwa muda. Wengine wanaiweka ndani ya moto mpaka inakuwa nyekundu, wanaipinda, wanaiacha ipoe. Hiyo kataa. Chuma kilichofanyiwa hivyo kinapoteza ugumu wake, baada ya safari chache kitalala tena ao kitavunjika. Kijana, usiingie chini ya gari inayosimama kwa krik tu. Weka magogo manene chini ya shasi. Bulo zile za umbo la U zitiwe mupya, zikazwe kwa msalaba, na kukaza kwa mwisho kufanywe gari ikiwa imesimama kwa uzito wake. Kisha mwambie fundi arudishe kijiti cha vali kwenye kipimo chake.

Sasa ndiyo magurudumu. Wengi wanafanya paralelismu kwanza, wanapoteza feza, maana ukibadilisha kimo cha nyuma hata mbele inabadilika. Volani ikiwa sawa, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya lile la nyuma, pande zote mbili. Zikipitana sentimeta mbili, ekseli imesogea, labda bulo ya katikati ya resori imekatika. Ndiyo ile gari inayotembea kama mbwa, kichwa huku mwili kule.

Mbele, tikisa kwanza kila gurudumu; rotule ikicheza, badilisha, usipime bure. Halafu inua gurudumu, lizungushe, kwaruza mstari juu ya pine kwa musumari. Fanya vile kwa yote mawili, shusha, sukuma gari mita chache. Kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, pima kati ya mistari miwili kwa mbele, kisha kwa nyuma. Kwa pikapu hizi, mbele iwe sawa na nyuma ao pungufu kwa milimeta chache tu, kufuatana na kitabu cha gari. Pine ikiliwa ukingo wa nje tu, mara nyingi mbele imefungana mno. Ikiliwa ndani, imefunguka mno. Ukisahihisha, zungusha fimbo za kuume na za kushoto kiasi kimoja, ama sivyo volani itakaa upande.

Andika vipimo vyote nyuma ya mlango wa nyumba. Baada ya safari moja ao mbili za Goma, kaza tena bulo za U, kisha pima kimo cha mukia kila miezi mitatu.

Mwezi ujao, wapenzi: radiatere inayochemka kwenye mlima.