Kabla Hujanunua Jiko la Bruda, Tengeneza Linapokaa

Baridi ya Juni na Julai huku nyanda za juu kusini mnaijua. Kila ikikaribia, vijana wa kuku wananiuliza swali lilelile: "Afisa, ninunue jiko gani la kuwapashia vifaranga joto?" Wanataja la mkaa, la pipa, la kuni lenye bomba la moshi. Karibu hakuna anayeuliza hilo jiko litakaa juu ya nini. Mimi nasema hilo ndilo swali la kwanza, na hela ya kwanza iende hapo.

Iangalie bruda yenyewe. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, mchana na usiku. Chini umemwaga maranda makavu. Kuta ni mbao, na kwa maeneo kama Njombe na Mufindi, ambako mbao hazina shida, utakuta hata sakafu ni mbao zilizoinuliwa. Jiko la nyumbani linaivisha ugali na maharage, basi, linapumzika. La bruda linachoma sehemu ileile ya sakafu wiki 3 mfululizo. Hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Kitu ninachokikuta sana ni bati. Kijana analaza kipande cha bati juu ya mbao, anaweka jiko, anasema tayari, bati haliungui. Kweli haliungui, lakini linapitisha joto kama sufuria inavyopitisha. Mbao iliyo chini yake inakauka, inakuwa kahawia, halafu nyeusi. Na mbao iliyobabuka taratibu namna hiyo inashika moto kwa joto dogo kuliko mbao nzima. Ndiyo maana bruda inaweza kukaa salama siku 12 ikawaka siku ya 13, na mwenyewe akaapa hakuna cheche iliyoruka. Bati linazuia cheche na kaa linalodondoka. Joto halilizuii.

Kwa hiyo unapochagua cha kuweka chini ya jiko, usiishie kuuliza "hiki kinaungua?" Uliza pia "hiki kinapitisha joto?" Ukiuliza hivyo, vitu vingi vinajiondoa vyenyewe. Saruji haishiki moto, ila ikipigwa joto kali sehemu moja inapasuka na kurusha vipande, hasa ikiwa na unyevu. Vigae vya sakafuni navyo vinapasuka. Mawe ya mtoni yaache hukohuko mtoni, maana yakiwa na maji ndani yanaweza kulipuka. Na wale wanaookota vipande vya paa la asbesto la zamani, jamani, acheni. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, na ukilikata au kulivunja ndiyo unalipeperusha.

Kinachobaki ni kitu cha kawaida kabisa: matofali ya kuchoma na hewa. Panga mistari ya matofali moja kwa moja juu ya sakafu, ukiacha nafasi ya vidole 3 kati ya mstari na mstari ili hewa ipite kutoka upande hadi upande. Juu yake laza bati. Juu ya bati panga matofali mengine yaliyobanana, halafu ndiyo jiko. Hewa inayopita pale chini ndiyo inayobeba joto kabla halijafika kwenye mbao, kwa hiyo ziba midomo ya nafasi hizo kwa wavu wa waya, maranda yasiingie. Ukiyaacha yakajaa humo, umetengeneza tanuri.

Jukwaa hilo lizidi jiko kila upande, na mbele ya mdomo wa kuchochea liwe pana zaidi, angalau nusu mita, kwa sababu kaa hudondoka pale unapochochea. Zungusha uzio wa bati ili vifaranga wasisukume maranda karibu. Na kama sakafu yako imeinuliwa, ongeza nguzo chini kabla hujapanga. Matofali 60 ni mzigo mzito.

Kisha pima. Washa jiko saa kadhaa vifaranga hawajafika, halafu ingia chini ya banda ushike ile mbao kwa kiganja. Ukishindwa kuacha mkono pale kwa sekunde 10, ongeza matofali au inua jiko kwa miguu. Usiwaingize vifaranga kwa matumaini.

Najua wapo wataalamu wenzangu wanaosema mkaa na kuni viachwe, watu wahamie umeme au gesi. Kwa mwenye uwezo, sawa. Ila umeme ukikatika saa 8 usiku huku kwetu, kijana mwenye vifaranga 500 anarudi kwenye mkaa tu, tena kwa haraka, na jiko linatupwa popote. Bora sehemu yake iwepo tayari.

Wengine wananiambia matofali ni gharama. Vifaranga, chakula na banda ulishavilipia, na pengine kwa mkopo. Banda likiungua, marejesho ya mkopo yanaendelea kudaiwa kama kawaida. Ukiniambia matofali ni ghali, nitakuuliza umekopa shilingi ngapi.

La mwisho: jukwaa linakulinda na moto, halikulindi na hewa ya sumu ya mkaa, ambayo haionekani wala hainuki. Acha matundu ya hewa juu ya kuta. Majivu yatoe nje kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, maana kaa huishi ndani ya majivu muda mrefu. Na ukija kuangalia vifaranga usiku, angalia, chochea, toka. Usilale humo.