Piga Makofi Sebuleni Kwanza

Nina ombi kwa kila mwenye redio kubwa sebuleni, awe ameirithi kwa baba yake au ameinunua mwenyewe kwa kudunduliza. Kabla hujaenda dukani kutafuta amplifaya mpya, simama katikati ya sebule, zima feni, upige kofi moja la nguvu. Kisha nyamaza usikilize kinachobaki.

Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, kama bati lililoguswa, ujue chumba chenyewe kinaimba pamoja na kila mwimbaji utakayemweka. Nyumba zetu nyingi za siku hizi zina vigae sakafuni, kuta za saruji na madirisha makubwa ya vioo. Sauti inaruka huku na kule, haipati pa kutulia, na maneno ya wimbo yanapandana. Dawa yake mara nyingi iko humo humo ndani: zulia zito, makochi ya kitambaa, pazia nene, rafu ya vitabu. Kanga iliyotundikwa ukutani inapendeza macho, ila ni nyepesi mno kwa kazi hiyo.

Nimeanza na kofi kwa sababu watu huniuliza, “Nianze kubadilisha nini?” na wengi wao wanakuja jibu wakiwa nalo tayari mfukoni: amplifaya, tena yenye wati nyingi. Naomba tuzitazame hizo wati. Kwenye kasha utasoma 5,000 au 10,000, na kando yake herufi PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo tu. Sasa geuza mtambo, usome kibandiko kidogo cha nyuma, pale palipoandikwa volti. Mara nyingi utakuta wati 60 au 80, na hiyo ndiyo nguvu yote unayoivuta kutoka ukutani. Hakuna mtambo unaotoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayouingia. Namba ya kufuata ni ile ya RMS, yaani nguvu ya mfululizo, na hata hiyo masikio hayaipokei kama muuzaji anavyoihesabu. Ukitoka wati 50 ukaenda 100, umeongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho aliyeko jikoni anaweza asikitambue. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takriban mara kumi ya nguvu. Lakini ukiondoa spika inayotoa desibeli 86 kwa wati moja ukaweka ya desibeli 89, zile desibeli 3 umezipata, na amplifaya hujaigusa.

Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza iende kwenye spika. Kazi yake ni ngumu kuliko ya chombo kingine chochote katika mtambo, kwa kuwa yeye ndiye anayeugeuza umeme kuwa upepo, tena kwa kipande cha karatasi kinachosukumwa na sumaku. Amplifaya nzima, hata ya miaka thelathini, ikipigwa kwa kiasi huipotosha sauti chini ya moja kwa mia, na nyingi chini ya hapo sana. Spika, hasa kwenye besi, huipotosha mara nyingi zaidi. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, aliwasikilizisha watu spika zikiwa nyuma ya pazia, wasione jina wala umbo. Wakaelekea kukubaliana ipi ni nzuri, na waliyoipenda ni ile isiyoongeza chake: besi, sauti za kati na sauti nyembamba zikiwa zimelingana. Kwa hiyo sikio lako linatosha kuwa hakimu. Nenda nalo dukani, nenda na wimbo unaoujua kwa moyo, na uombe usikilizishwe bila kutazama bei.

Ila kununua spika mpya si lazima, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Nyumbani kwetu Tanga kuna spika mbili za mbao alizozileta mjomba kutoka Muscat mwaka 1987. Zilipoanza kukwaruza, nilikimbilia kununua amplifaya. Mkwaruzo ukabaki pale pale, sasa ukisikika vizuri zaidi. Nikazipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, mzee anayetengeneza redio chini ya kibanda cha bati.

“Mwanangu, spika yenyewe umeifungua?” aliniuliza.

Sikuwa nimeifungua, na sikuwa hata nimewaza kuifungua. Aliondoa kitambaa cha mbele, akagusa ule mviringo wa sponji unaoishika koni pembeni. Ukamong’onyoka, ukaganda kwenye kidole chake kama makombo ya mkate uliokauka. Sponji za namna ile huoza zenyewe baada ya miaka kumi hadi ishirini, na joto na unyevu wa pwani huharakisha. Kisha akaweka vidole vyake pande zote mbili za koni, akaisukuma ndani taratibu, sikio likiwa karibu kabisa. Akarudia tena. “Koili haigusi,” alisema. “Mzima huyu, amechakaa nguo tu.”

Nilikaa kwenye benchi lake alasiri nzima nikimtazama. Alikwangua gundi ya zamani kwa wembe na spiriti, akakibandua kile kikofia cha katikati ya koni, akakata vipande vyembamba vya karatasi na kuvichomeka kuizunguka koili ili ikae katikati bila kusugua sumaku. Ndipo akabandika mviringo mpya wa mpira, akiubonyeza kwa kidole gumba kidogo kidogo hadi duara likakutana. Akaziacha spika zikauke mpaka kesho yake. Malipo ya kazi na vifaa kwa spika zote mbili hayakufika robo ya bei ya amplifaya niliyoinunua bure.

Kesho yake jioni niliweka wimbo wa taarabu. Miaka yote nilijua kwamba kwenye wimbo ule kuna ganuni, lakini nilikuwa nikiisikia kama mvua ya mbali. Ganuni ina nyuzi sabini na zaidi, zimefungwa tatu tatu, na jioni ile nilisikia ukucha wa mpigaji ukigusa nyuzi na nyuzi zikinyamaza. Mama alitoka chumbani akakaa mkekani bila kusema neno.

Kuna jambo jingine alilonifundisha mzee yule, nalo gharama yake ni betri ya tochi. Chukua betri ya volti 1.5, chomoa waya za spika kwenye amplifaya, uziguse ncha za betri kwa sekunde moja. Koni ikisukumika nje, waya ulioko kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Fanya hivyo kwa spika zote mbili, kisha zifunge kwa mpangilio mmoja. Zikipishana, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea hewani na mtu analaumu mtambo. Kipimo chake ni msomaji wa habari: ukikaa katikati, sauti yake itoke katikati, hewani kati ya spika mbili, kama vile ameketi pale. Kuhusu waya, usiuziwe wa bei ya kutisha. Waya wa shaba wa kufungia umeme wa nyumba, wa milimita 2.5 za mraba, unaitosha sebule yoyote ninayoijua.

Na spika zishushe kutoka juu ya kabati. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta moja iko juu ya kabati la vyombo na nyingine imelazwa nyuma ya kochi. Ziweke mbele yako, umbali kati yao ukaribiane na umbali wa kila moja hadi kwako, twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ziwe usawa wa sikio, zisibanwe kwenye kona. Kona huvimbisha besi hadi maneno yakazama. Ukikaa karibu nazo vilevile huhitaji kufungulia sana, na jirani mwenye mtoto mchanga atakuombea dua.

Kuna wanaoshikilia kwamba cha kwanza ni chanzo: kile kinachosoma muziki. Hoja hiyo ilipata nguvu Uskoti miaka ya 1970, pale Ivor Tiefenbrun wa kampuni ya Linn alipouza meza ya kupigia santuri ya LP12 akisisitiza kwamba kilichopotea mwanzoni hakirudishwi mbele. Kwa upande mmoja namkubali kabisa. Kama una santuri, sindano iliyochakaa itangulie mbele ya spika, mbele ya kila kitu, kwa sababu haiharibu sauti peke yake, inauchimba na mfereji wa santuri, na uliochimbika hauzibiki. Sindano ya almasi huhesabiwa saa 500 hadi 1,000 hivi. Kama una deki ya kaseti, safisha hedi kwa pamba na spiriti kabla ya kuihukumu. Na kama muziki wako wote umeupata kwa kutumiwa kwenye simu, ukapita mikono kumi na kila mkono ukaubana kidogo, tafuta nakala iliyo kamili. Hapo hakuna spika itakayokusaidia.

Amplifaya ibadilishwe inapovuma, inapokata upande mmoja, au unapolazimika kuifungulia mpaka mwisho. Hiyo ya mwisho ni hatari, maana amplifaya iliyosukumwa kupita uwezo wake ndiyo huunguza twita.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya sebule ya mtu, yanamhusu mwenyewe. Sioni hivyo. Mwimbaji Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mtambo wa kurekodia, na sauti yake imetufikia. Mlimani Park, bendi ya Sikinde, walianza mwaka 1978, na katika nyimbo zao magitaa yanaongea, moja linauliza, jingine linajibu, la besi linawatuliza, na juu yao wamepanda waimbaji Gurumo na Bitchuka. Uwe shabiki wa bendi ya Msondo au wa Sikinde, unajua ninachokisema. Watoto wetu wanawajua wazee hawa kwa spika ya simu, au kwa sabufa inayotoa mdundo na kumeza mengine yote. Mtoto aliyesikia mdundo peke yake hawezi kuona wamefanya kazi gani, na sisi tutamlaumu kwamba hapendi vya kwao. Tumpe nafasi ya kuvisikia kwanza.

Basi naomba mambo machache, kwa yeyote aliye tayari. Spika ya mbao iliyokwaruza usiitupe jalalani wala kuiuza kwa wanunua chuma chakavu kwa ajili ya ile sumaku. Ifungue, itazame sponji, ipeleke kwa fundi. Mlipe fundi bila kumkandamiza, na kama una kijana nyumbani mwenye mikono mitulivu, muombe mzee amkalishe benchini. Yule wa kwetu macho yanaanza kumpunguka, na mwanafunzi hana. Aliyekwisha kununua mpya, spika za zamani zikiwa nzima, azipeleke shule au madrasa ya karibu, mahali ambapo mwalimu anajipasua koo mbele ya watoto themanini. Na mwenye kaseti za wazee, ambazo nyingine hazipatikani tena popote, azinakili sasa, wakati deki ya kuzipiga bado iko.

Kwetu tumeanza kukaa Jumapili baada ya alasiri. Mama anatandika mikeka miwili, mlango unaachwa wazi, na kila anayekuja anachagua wimbo mmoja. Jirani yetu aliye nyumba ya kona alileta kaseti ya harusi yake; alikuwa hajaisikia tangu mumewe afariki. Ukiwa na spika unayoitilia shaka, njoo nayo hata kwa bodaboda, ifunge vizuri kwenye kanga isiparuzike. Betri iko mezani, karibu na redio.