Kiota cha Nyigu Kihukumiwe kwa Mahali Kilipo

Nyigu wakionekana ndani ya banda la zana, hukumu hutolewa kabla kesi haijasikilizwa. Huyu hukimbilia kibiriti na gazeti lililokunjwa, yule huchota petroli, na mtoto hutumwa dukani alete dawa ya kupuliza, yoyote ile, mradi inaua. Ni nadra mtu kuuliza ni wadudu gani hao, wameshikiza kiota sehemu gani, au nani hupita chini yake kila siku. Naona tumeanza na jambo lililopaswa kuwa la mwisho. Kiota kilichoning'inia juu ya mlango ambao watoto huufungua kila asubuhi kiondolewe, tena bila kuchelewa. Kilicho kwenye pembe ya paa, mahali ambapo mkono haufiki wala kichwa hakipiti, kiachwe. Na katika hali zote mbili, moto na sumu ya shambani havina kazi ya kufanya ndani ya banda.

Kutambua hakuhitaji darubini wala ujasiri wa kusogea. Mtu asimame hatua kadhaa mbali, mchana kweupe, atazame. Akiona rundo la wadudu wa kahawia wenye manyoya, wamegandamana juu ya masega ya nta, hao ni nyuki, na mambo yanabadilika kabisa. Nyuki wa kwetu hutoka kwa wingi wakichokozwa, hufukuza mbali, na kundi moja linaweza kuwa na makumi ya maelfu. Hao si wa mwenye nyumba. Ni wa mfugaji nyuki mwenye vazi na bomba la moshi, ambaye kwake ni mali na huenda akawahamisha wakiwa hai. Akiona sega dogo la kijivu linalofanana na karatasi ngumu, limening'inia kwa kikonyo kimoja, vyumba vyake viko wazi na vimetazama chini, hao ni nyigu wa karatasi. Kiota chao hukitengeneza kwa nyuzi za mbao walizozikwangua na kuzitafuna pamoja na mate, na mara nyingi wakazi wake ni makumi tu. Akiona mirija au madonge ya udongo yaliyobandikwa ukutani, huyo ni nyigu wa matope, mdudu wa upweke. Jike hujenga, hujaza kila chumba buibui aliowadunga na kuwapoozesha, hutaga yai, huziba na kwenda zake. Hana kundi la kutetea, na ni vigumu amdunge mtu asipobanwa au kushikwa.

Lakini hata baada ya kumtambua mdudu, bado hatujapata uamuzi. Nyigu huyo huyo wa matope, asiye na madhara akiwa ukutani, anaweza kuwa hatari kubwa akihamia kwingine. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya kampuni ya Birgenair ya Uturuki ilianguka baharini dakika chache baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulielekeza kwenye mrija wa kupimia mwendo wa ndege kwamba ulikuwa umeziba. Ndege ilikuwa imeegeshwa kwa siku nyingi, na mirija hiyo haikuwa imefunikwa muda wote; aliyeshukiwa zaidi ni nyigu wa matope. Dawa ya ajali ya namna hiyo haikuwa kuwaua nyigu wote wa kisiwa kile; ilikuwa kifuniko. Bandani ni vivyo hivyo. Donge la udongo kwenye boriti halimsumbui mtu, ila bomba la moshi la jenereta, mdomo wa pampu ya maji na mpira wa kumwagilia vikaguliwe kabla ya kutumika na vifunikwe vikiwekwa.

Sasa, kwa nini tuone haja ya kukiacha kiota chochote, wakati kukiangusha ni kazi ya dakika moja? Jibu liko shambani. Nyigu wakubwa hupenda vitu vitamu, lakini wana wao hulishwa nyama, na nyama hiyo kwa sehemu kubwa ni viwavi na wadudu wengine laini. Mwaka 2019 watafiti wa University College London na wenzao wa Brazili walichapisha katika jarida la Proceedings of the Royal Society B matokeo ya jaribio walilofanya katika jimbo la São Paulo. Waliwaweka nyigu wa karatasi wa jamii ya Polistes karibu na mahindi na miwa iliyoshambuliwa na viwavi. Palipokuwa na nyigu, viwavi walipungua na mimea ikaumia kidogo. Kiwavi aliyekuwa kwenye mahindi hayo si mgeni kwetu: ni yule yule kiwavijeshi vamizi aliyeripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na ambaye kufikia 2017 alikuwa ameshaingia katika mahindi ya Kenya na Tanzania. Aina ya nyigu waliotumika Brazili si hao wa mabanda yetu, na kwa hiyo haifai kuahidi matokeo yale yale. Lakini namna ya kuwinda ni moja, na windo lipo tele katika kila bustani ya sukuma wiki, kabichi au nyanya iliyo nyuma ya banda.

Hapa inafaa tuwe waangalifu, maana watetezi wa nyigu hupenda kuwapa sifa zisizo zao. Afrika ina kisa kimoja kikubwa cha nyigu kuokoa chakula. Katika miaka ya 1970 vidung'ata, wadudu weupe wanaofyonza utomvu wa muhogo, waliingia barani kutoka Amerika ya Kusini na kuharibu mashamba kutoka Kongo hadi Senegali. Watafiti walimkuta adui yao huko Paraguay, nyigu mdogo mno aitwaye Anagyrus lopezi, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata. Aliachiliwa kwanza Nigeria mwaka 1981, kisha akasambazwa katika nchi nyingi za bara hili, na Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Pwani ya Kenya nayo, taasisi ya ICIPE ya Nairobi iliachilia mwaka 1993 nyigu mwingine mdogo, Cotesia flavipes, dhidi ya funza wa mabua ya mahindi. Hao wote hawajengi viota kwenye mabanda na hawamdungi mtu. Kumsifu nyigu wa bandani kwa kazi yao ni udanganyifu. Wanachotufundisha ni jambo pana zaidi, kwamba katika ukoo huu wa wadudu wenye kudunga mna wasaidizi wa mkulima, na anayeua wote kwa sababu ya jina hujipunguzia mwenyewe nguvu kazi.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, nalo halijibiwi kwa habari za viwavi. Nyuki akidunga mtu huacha mwiba mwilini na hufa. Nyigu hubaki na mwiba wake na anaweza kudunga tena na tena. Kwa watu wengi matokeo ni maumivu na uvimbe wa siku moja au mbili. Kwa wachache ambao miili yao ina mzio wa sumu hiyo, mdungo mmoja unaweza kuua: vipele mwili mzima, midomo na koo kuvimba, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu, kisha kuzimia. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupakwa majivu wala dawa ya meno. Anahitaji kufikishwa hospitali haraka achomwe sindano ya adrenalini. Kwa hiyo nyumba yenye mtu aliyewahi kupata dalili hizo, au yenye watoto wanaocheza bandani, au mzee asiyeweza kukimbia, haina sababu ya kubahatisha. Kiota cha karibu kitoke. Hili halipingani na hoja yangu, kwa kuwa kuhukumu kwa mahali maana yake ni pamoja na kuhesabu ni nani wanaopita mahali hapo.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni maneno ya watu wenye muda, na kwamba kibiriti ni rahisi kuliko mjadala. Urahisi huo uhesabiwe vizuri. Banda la zana ndimo yalimo magunia, mabua makavu, mbao, dumu la mafuta ya mashine na pengine paa la makuti. Kiota cha karatasi huwaka mara moja, na kipande kinachoangukia gunia hakimsubiri mwenye banda ashuke kwenye ngazi. Petroli ni mbaya zaidi, maana mvuke wake husambaa ndani ya chumba kilichofungwa na hungoja cheche tu. Na sumu? Mara nyingi inayotumika ni dawa ya shambani iliyopimwa kwenye chupa ya soda, haina lebo, wala anayeitumia hajui iliandikiwa mdudu gani na kwa kiasi gani. Ikipulizwa bandani hutua kwenye mbegu, kwenye ndoo ya kuchotea maji, kwenye mpini wa jembe atakaoushika mtoto kesho. Tanzania tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inayosimamia usajili wa dawa hizi, na sababu ya usajili ni kwamba matumizi ya kila dawa yana mipaka. Kumwaga dawa ya pamba kwenye banda la bustani kwa ajili ya nyigu ishirini ni kuivuka mipaka hiyo yote kwa mpigo mmoja.

Penye haja ya kuondoa, njia isiyo na moto wala sumu ya shambani ipo, na inategemea zaidi saa kuliko silaha. Nyigu hurudi kiotani jua likizama, hutulia, na ubaridi wa usiku huwafanya wazito. Saa moja au saa mbili usiku, mtu mzima mmoja, aliyevaa suruali nene, mikono mirefu, glavu na kitambaa cha wavu usoni, anaweza kukilowanisha kiota kidogo kwa maji ya sabuni yenye povu jingi. Sabuni huyawezesha maji kupenya kwenye vitundu vya kupumulia vya mdudu, naye hafiki mbali. Tochi iwekwe chini au ishikwe na mwingine pembeni, kwa sababu anayevurugwa gizani huruka kufuata mwanga. Mlango uachwe wazi na njia ya kutokea isiwe na vikwazo. Kiota kikishaanguka, kikonyo chake kikwanguliwe. Nyigu asipondwe ukutani kiota kikiwa bado na wakazi, kwani sumu yake ina harufu inayowaita wenzake. Na kiota kikubwa, au kilicho ndani ya ukuta na chini ya dari, au ambacho mtu hana hakika kama ni cha nyigu au nyuki, hicho si kazi ya kufanya peke yake.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka, wa kukiacha kiota mpaka kife chenyewe. Asili yake ni Ulaya, ambako makundi ya nyigu wa kawaida huisha majira ya baridi yakifika na kiota kikuukuu hakitumiwi tena. Huko subira ina tarehe ya mwisho. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, hivyo anayeahirisha kiota cha mlangoni kwa kungoja majira anaweza kungoja muda mrefu. Tunachoweza kufanya ambacho ni bora zaidi ni kuwahi. Kiota cha nyigu wa karatasi huanza na jike mmoja au wachache, na vyumba vinavyohesabika kwa vidole. Katika hatua hiyo ufagio wenye mpini mrefu unatosha. Anayelikagua banda lake kila juma, akaziba nyufa za juu ya mlango na kupaka rangi mbao tupu, huamua yeye nyigu wakae pembe gani, badala ya kushtukia wameshaamua wao.

Sitaki kuwafanya nyigu watakatifu. Huwinda pia wadudu wenye manufaa, huvamia mizinga dhaifu, na spishi iliyopelekwa mahali pasipo pake huleta hasara: nyigu wa Ulaya aitwaye Vespula germanica aligunduliwa eneo la Rasi, Afrika Kusini, mwaka 1974 na tangu hapo ni mvamizi anayepigwa vita. Lakini mifano hiyo nayo inaturudisha kwenye swali la mahali. Kazi hii ya kuamua isiachwe kwa mwenye banda peke yake. Wilaya nyingi zina maofisa ugani na maofisa nyuki. Haina gharama kubwa kwa halmashauri kubandika kwenye ofisi ya kata orodha ya wafugaji nyuki walio tayari kuitwa, pamoja na maelezo mafupi ya kutofautisha nyuki, nyigu wa karatasi na nyigu wa matope. Mwananchi mwenye namba ya kupiga na macho yaliyofundishwa kutazama hatakuwa na sababu ya kuteketeza banda lake ili kuwaondoa wadudu ishirini, na wale waliojificha kwenye pembe ya mbali wataendelea kupunguza viwavi kwenye kabichi yake.